Kiti Kimoja

Kaka yangu Gwakisa ana kompyuta ya kuungaunga.
Kasha alilipata kwa fundi wa Kabwe, limebonyea ubavu,
kadi ya picha ilikuja na basi kutoka Dar
ndani ya sufuria, imeviringishwa kitenge.
Feni mbili: moja inaimba, moja inakohoa.
Anaijua kama mkulima wa Uyole anavyojua tuta lake,
hapa viazi vinakubali, hapa vinaoza.

Mimi nina kibanda Mwanjelwa, nyuma ya mashine ya kusaga.
Runinga mbili, plestesheni mbili, mabenchi ya mkaratusi.
Mechi mia tatu. Ukifungwa, unapisha.
Watoto wa shule wanageuza sweta nje ndani
ili nisione nembo. Naiona.
Nawafukuza mpaka saa nane.

Jumapili kwa mama tunagombana.
"Chako ni sanduku la kufungwa," anasema.
"Kilivyotoka kiwandani ndivyo kitakavyozikwa.
Mimi nikitaka nguvu, naongeza kumbukumbu.
Nikitaka barua ya kazi, naandika palepale.
Na kulenga kwa kipanya na kulenga kwa dole gumba,
dada, ni sindano na jembe."

"Hiyo sindano inamshonea nani?
Usiku kucha unapigana na mtu wa Poland
hujui hata kama ana meno.
Kwangu mtu akifungwa, benchi zima linatikisika,
na aliyemfunga yupo hapo, kiwiko kwa kiwiko,
ananuka chai ya tangawizi."

Mama anasema tule, ndizi zinapoa,
na hata siku moja hajaona kati yetu
aliyemnunulia umeme.

Julai, baridi ile ya kukunyima vidole,
plestesheni ya kwanza ikanguruma
kama bajaji iliyobeba mchanga, ikanyamaza.
Gwakisa akaja, bisibisi mfukoni.
"Sanduku la kufungwa," nikamkumbusha.
Hakujibu. Akalifungua.

Ndani: unga.
Miaka mitatu ya sembe ya jirani
imegandamana kwenye feni kama uji wa juzi,
na mende mmoja, mweupe pe,
kama aliyefia harusini.
Akasugua kwa mswaki. Skrubu akazipanga
kwenye kifuniko cha majarini, kila moja na mahali pake.
Akainamia ule ubao wa kijani muda mrefu.
"Aliyepanga humu ndani," akasema chinichini,
"alikuwa na akili,"
kwa sauti ya mtu anayemsifu shemeji asiyempenda.

Ikawaka. Lazima ijaribiwe.
Nikamfunga tano moja.
Akalaumu pedi.
Pale kibandani wote wanalaumu pedi,
nimeisikia lawama hiyo kuliko jina langu.
Kisha Ipyana, wa darasa la tano, akamfunga tatu,
akamgeukia mtu mwenye ndevu:
"Pisha."

Akapisha. Akakaa mwisho wa benchi,
mikono kwapani, akisubiri zamu,
akicheka kicheko ambacho sijakisikia
tangu tulipokuwa tunavaa sweta moja kwa zamu,
yeye asubuhi, mimi mchana.

Wiki iliyopita nilipita kwake Ilomba.
Kiti ni kilekile kimoja, cha kuzunguka, sponji nje.
Ila pembeni pana kreti la soda limepinduliwa,
juu yake gunia, limekunjwa mara nne.
"La nani?"
"La mtu akija."

Nikakaa. Akanisukumia kipanya.
Joto la lile kasha lilinifikia magotini,
na kusema kweli, kwa Julai ya Mbeya,
hilo peke yake lina thamani ya nauli.
Nikalenga. Nikakosa.
Poland akaniua kabla sijajua nimesimama wapi.

Feni moja ikaimba, moja ikakohoa.
Kaka yangu alikuwa ananitazama, anangoja.

"Kipanya chako," nikasema, "kibovu."